Biashara ya makali Kilombero: kinachopungua ni chuma

Kwa wauza zana wa bonde la Kilombero mwaka una misimu miwili ya mauzo. Oktoba hadi Desemba, wakulima wa Mofu, Mngeta na pembezoni mwa Ifakara wakisafisha mashamba kabla mvua hazijakolea, panga na fyekeo ndizo zinazotoka. Mpunga ukiiva, kuanzia Mei hadi Julai, zamu ni ya mundu. Katikati ya misimu hiyo wanunuzi ni wavuvi wa visu vya kuparia samaki, wafugaji wanaotafuta sime, na wakata miwa wa upande wa Kidatu. Siku hizi kwenye meza hizohizo kuna bidhaa nyingine: kisu kinene chenye meno ya msumeno mgongoni, tundu karibu na ncha na mpini wa plastiki ya kijani. Wauzaji hukiita kisu cha jeshi. Ni nakala ya singe la kisasa la kazi nyingi (singe halisi, kama vifaa vingine vya kijeshi, si mali ya raia kisheria), na kinauzwa kwa ahadi kwamba mwenye nacho hahitaji zana nyingine. Ahadi hiyo inastahili kupimwa, kwa sababu inaelekeza macho kwenye umbo la zana, wakati tatizo la biashara hii kwa miaka mingi limekuwa chuma chenyewe.

Waliobuni umbo hilo hawakuwafikiria wakulima. Katika miaka ya 1950 Wasovieti walichukua kisu cha wapiga mbizi wa jeshi la majini wakakigeuza kuwa singe la bunduki ya AKM: bapa fupi la kama sentimita 15, lenye tundu, linalopachikwa kwenye kijino cha ala na kuwa mkasi wa kukatia seng'enge. Ala ikavikwa mpira ili askari asipigwe shoti anapokata waya wenye umeme. Marekani ikafuata katikati ya miaka ya 1980 kwa singe la M9. Waingereza nao, kwa bunduki yao mpya ya muongo huohuo, wakaweka msumeno na kinoo kwenye ala. Majeshi, hata hivyo, yamekuwa yakirudi nyuma kila mara. Wajerumani, ambao bunduki zao ziliwahi kulinda boma la Mahenge ng'ambo ya Mto Kilombero, walikuwa na singe lenye meno ya msumeno kwa ajili ya vikosi vya uhandisi. Mwaka 1917 wakaamuru meno yaondolewe. Mwaka 2003 Marine wa Marekani walianza kutumia kisu chenye umbo rahisi zaidi, kisicho na mkasi wa waya. Na askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili walibeba panga pamoja na singe, kwani msituni singe halifyeki.

Muuzaji mmoja wa zana mjini Ifakara, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado anadaiwa na aliyemkopesha mzigo, anasema hakichukii kisu cha jeshi eti kwa kuwa ni kigeni. Lalamiko lake ni kwamba kinavunjika, na kinavunjikia palepale penye tundu au kwenye shina la meno, mteja akijaribu kupasulia kuni. Mteja hurudi dukani kwake. Yeye hana pa kurudi: muuza jumla wa Kariakoo hapokei bidhaa iliyokwishatumika, na kwa panga hali ni hiyohiyo. Anasema katoni huja zimefungwa zikiwa na nembo ya mnyama ileile ambayo wakulima wameiamini tangu enzi za wazazi wao, lakini bapa ni jembamba na makali yanajikunja kwenye kisiki cha kwanza. Akikataa mzigo, jirani yake anauchukua. Akiuuza, jina lake linaharibika. Juu ya hayo analipa leseni na pango, huku mchuuzi anayepita na mzigo uleule begani akielekea Mofu hana gharama hizo wala hasubiriwi na mteja aliyekasirika. Lalamiko hili lina upande wake, maana mlalamikaji mwenyewe anaendelea kuuza panga hizo. Lakini linaeleza biashara hii kuliko takwimu nyingi: mnunuzi hawezi kuona ugumu wa chuma kwa macho, kwa hiyo hununua nembo, na nembo inagushiwa kwa gharama ndogo kuliko chuma kizuri.

Ukimuuliza ofisa wa serikali anayefuatilia viwanda chuma kizuri kitatoka wapi, jibu huwa ni namba: tani milioni 126 za mawe ya chuma zilizoko Liganga, wilayani Ludewa. Mawe hayo yakianza kuyeyushwa, anasema ofisa mmoja asiyetaka kutajwa, zana za mkono zitakuwa jambo dogo. Namba hiyo inastahili heshima, ila imezeeka ikisemwa. Mkataba mkubwa wa kuchimba ulisainiwa mwaka 2011, na panga zinazouzwa Ifakara bado hazina hata gramu moja ya chuma cha Liganga. Sababu mojawapo ni ya kitaalamu: mawe hayo yana titani na vanadi, nayo hayayeyuki vizuri katika tanuri la kawaida. Ajabu ni kwamba vanadi ndiyo inayotafutwa na watengeneza visu bora duniani, kwa kuwa hufanya makali yadumu. Wapangwa, kwenye milima hiyohiyo, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kabla majembe yaliyokuja kwa meli hayajawashinda kwa bei. Baada ya uhuru serikali ilijenga viwanda vya zana za kilimo Dar es Salaam na Mbeya. Vilipobinafsishwa, mapanga ya nje yalikuwa yameshajaa sokoni. Mwenye kukumbuka hayo hatazitegemea sana hizo tani milioni 126.

Chuma kizuri kilichopo bondeni leo ni springi za magari. Kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukazwa bila kugeuka kigae. Mhunzi hukiweka kwenye mkaa unaopulizwa na feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli, hukikata kwa tindo kikiwa chekundu, hukifua, hukisugua kwa tupa, kisha hukichoma tena na kuzamisha upande wa makali kwenye oili chafu. Hapo kimekuwa kigumu mno na kitapasuka. Kwa hiyo huking'arisha na kukipasha taratibu, akiangalia rangi ya nyasi kavu ikitembea kuelekea makali hadi ikaribie samawati. Akiwahi, panga litameguka, akichelewa, litajikunja. Uamuzi huo wa sekunde chache ndio thamani ya bidhaa yake, na hakuna nembo inayouonyesha.

Watetezi wa kisu cha jeshi wana hoja ya haki: mtu wa kipato kidogo anahitaji zana moja kwa kazi nyingi. Ni kweli, na zana hiyo anayo tayari. Panga hufyeka, hupasua kuni, huchimba shimo la mche na kuchinja kuku, bila tundu wala meno, kwa sharti moja tu kwamba chuma kiwe sawasawa. Hoja nzito zaidi ni kwamba wahunzi hawawezi kulisha bonde zima, kazi zao hazilingani ubora, na springi zenyewe wanazigombania na wanunuzi wa chuma chakavu wanaopeleka viwanda vya nondo. Hilo silipingi. Ushuru nao hautasaidia sana: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kiwango cha asilimia 35 mwaka 2022 kwa bidhaa kadhaa zikiwemo za chuma, lakini ushuru hupandisha bei ya panga laini na ya panga gumu vilevile. Ingefaa zaidi kupima ugumu wa mzigo bandarini na kuwapa wahunzi alama yao ya ubora. Hakuna dalili kwamba yupo anayeharakisha lolote kati ya hayo.

Soko la mundu huenda likapungua mashine za kuvunia zikizidi kuingia mashambani. La panga litabaki, kwa kuwa visiki havijapata mashine ya bei hiyo. Kisu cha jeshi kitauzwa misimu michache, hasa kwa vijana, na muuzaji aliyejaza duka kwa mkopo ndiye atakayebaki nacho. Mnunuzi wa Mofu asiyetaka kurudi Ifakara na panga lililojikunja aje na tupa dukani, aipitishe mara moja kwenye makali kabla hajalipa: ikila kwa urahisi, chuma ni laini, ikiteleza kabisa, litameguka, ikila kwa shida, alipe.