Bustani Isiyoogopa Sakitu

Bougenvilia niliyoipakata kwenye basi kutoka Tanga ilikufa Julai ya kwanza hapa Njombe. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemka. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari: mchana jua linachoma, usiku sakitu inatanda kwenye nyasi.

Mama jirani hakunionea huruma. “Mwanangu, mbona hutazami kandokando ya barabara?”

Nikatazama. Lionotisi ilikuwa imesimama imenizidi kimo, vibonge vyake vya miiba vimelizunguka shina kama shanga, maua ya rangi ya chungwa yakichomoza. Nilikung’uta mbegu kwenye bahasha. Sasa kila asubuhi ndege chozi hudandia shina, akatumbukiza mdomo wake uliopinda ndani ya ua, kisha lingine, bila haraka.

Nifofia, yenye maua kama mwenge, nilimegewa na mama huyohuyo mvua zilipoanza. Inataka jua tele na udongo usiotuamisha maji. Shubiri nimeiweka penye mawe. Maua ya porini ya Kitulo tunakwenda kuyatazama tu; ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, jembe linabaki nyumbani.

Waridi moja nimelibakiza. Mume wangu analipenda.