Upatikanaji wa Vipuri vya Elektroniki kwa Mafunzo ya Vitendo

Somo la elektroniki katika shule zetu aghalabu huanzia ubaoni na kuishia ubaoni. Mwanafunzi huchora alama ya transista kwa ustadi, lakini akiwekewa transista yenyewe kiganjani haitambui. Sababu itolewayo mara kwa mara ni kwamba vifaa havipatikani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba vifaa vipo, na kwamba kazi ya kuvitafuta ni sehemu ya somo lenyewe.

Chanzo cha kwanza ni fundi redio wa jirani. Redio mbovu ya betri ina rezista, kapasita, dayodi, transista na spika. Vipuri hivyo vitolewe kwa chuma cha kulehemu, vipimwe kwa mita, kisha vipangwe katika visanduku kwa aina zake. Televisheni na chaja za umeme wa ukutani tusiwape wanafunzi kufungua, kwa kuwa kapasita zake kubwa huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Chanzo cha pili ni maduka ya mijini. Dar es Salaam mwalimu huelekea Kariakoo. Nairobi, barabara ya Luthuli inajulikana sana kwa biashara hiyo. Aliye mbali anaweza kuagiza kwa intaneti, lakini mzigo wa kutoka ng'ambo una gharama ya usafirishaji na pengine ushuru. Kwa hiyo ni heri walimu wa shule jirani waagize kwa pamoja.

Popote tununuapo, hatuna budi kwenda na orodha kamili. Kumwambia muuzaji "nipe rezista" ni sawa na kuingia katika duka la dawa na kuomba "vidonge". Orodha hiyo na iandaliwe na wanafunzi wenyewe, kwa hesabu. Tuchukue mfano wa taa ndogo ya dayodi, nyekundu, itakayowashwa kwa betri ya volti 9. Taa hiyo huchukua volti 2 hivi, na mkondo wa miliampia 15 unaitosha. Zinabaki volti 7. Tukigawanya 7 kwa 0.015 tunapata omu 467 hivi.

Hapa ndipo duka linapofundisha jambo ambalo ubao haufundishi: rezista ya omu 467 haimo katika mfululizo wa kawaida wa viwandani. Katika mfululizo unaotumika sana, thamani hupanda kwa hatua maalumu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha huzidishwa kwa 10, kwa 100 na kuendelea. Mwanafunzi atachagua omu 470, nayo ataitambua kwa mistari ya manjano, zambarau na kahawia. Nguvu itakayopotea humo ni kama wati 0.1, hivyo rezista ya robo wati inatosha.

Transista nazo zitajwe kwa namba zake kamili. BC547 na 2N3904 hufanana kwa umbo, lakini mpangilio wa miguu yake ni kinyume. Tukielekeza upande bapa kwetu na miguu chini, ya kwanza huanza na kolekta upande wa kushoto, na ya pili huanza na emita. Katika zote mbili besi iko katikati.

Tunapendekeza basi kila mwalimu aanze na sakiti moja tu: betri, swichi, rezista na taa. Wanafunzi wakokotoe, waandike orodha, wanunue au waokoe vipuri kutoka redio mbovu, kisha waunganishe. Taa ikiwaka, kanuni ya Ohm itakuwa imetoka ubaoni na kuingia mikononi mwao.