Amplifaya ya Valvu Nyumbani: Itunze, Lakini Usiifungue

Katika nyumba nyingi kuna kitu ambacho baba hataki kitupwe na mama haoni faida yake. Kwa wengine ni baiskeli isiyo na tairi, kwa wengine ni cherehani iliyokufa. Penye mpiga gitaa, kitu hicho huweza kuwa sanduku zito lenye spika mbele, na nyuma yake vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Hiyo ni amplifaya ya valvu, yaani mashine ya kukuza sauti ya gitaa la umeme.

Je, dada msomaji, unalo sanduku la namna hiyo kwako? Huenda mume wako alirithi kwa baba yake aliyepiga muziki wa dansi. Huenda ndugu aliyekuwa Marekani au Uingereza alirudi nalo. Huenda mwanao ameanza kupiga gitaa kwenye kwaya na kila siku anaomba aliwashe.

Katika makala hii tutaona mambo matatu: kwa nini sanduku hilo lisitupwe ovyo, kazi gani za utunzaji unaweza kuzifanya mwenyewe, na mahali ambapo mkono wako wala wa mtoto wako usiguse kamwe.

UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Watu wengi hudhani kwamba mashine hizi ni mambo ya wanaume tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Bwana Leo Fender wa mji wa Fullerton, jimbo la California, alikuwa fundi redio aliyefungua duka lake mwaka 1938. Mwaka 1946 alianzisha kampuni ya Fender, ambayo amplifaya zake za miaka ya 1950 na 1960 zinatafutwa sana mpaka leo. Lakini ni nani waliokaa kwenye meza za kiwanda wakiunganisha nyaya moja baada ya nyingine kwa risasi ya moto? Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi kati ya hao walikuwa wa jamii za asili ya Mexico. Fundi anapofungua amplifaya ya miaka hiyo, mara nyingine hukuta ndani kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa kwa mkono jina la aliyeiunganisha. Jina la Lily limekutwa katika nyingi.

Mama mwingine, Abigail Ybarra, aliingia kiwanda hicho mwaka 1956. Kazi iliyompa sifa ni kuzungusha nyaya nyembamba kama unywele kwenye sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi za gitaa. Alistaafu mwaka 2013, na wapiga gitaa wengi hutafuta kazi ya mikono yake.

Uingereza nako walifuata. Mwaka 1962 Jim Marshall, mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, London, alianza na mafundi wake kutengeneza amplifaya kwa kufuata mfano wa Fender Bassman. Vox AC30, waliyoitumia Beatles, ilitoka Dartford, mji ulio karibu na London.

Mashine hizo zilitengenezwa ili ziweze kutengenezeka tena. Vyombo vingi vya siku hizi vina bamba moja lililojaa vipande vidogo sana, na likiharibika fundi hukuambia ununue jipya. Amplifaya ya zamani iliyounganishwa kwa mkono ina vipande unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Kimoja kikifa, hutolewa hicho tu na kuwekwa kingine. Ndiyo maana sanduku la mwaka 1960 linaweza kupigwa leo na mjukuu.

NDANI YAKE MNA NINI?

Wazee wetu wanaikumbuka redio ya valvu. Uliiwasha, ukasubiri kidogo ipate moto, ndipo ikasema. Amplifaya ya valvu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya kila valvu hewa imetolewa. Uzi mdogo hupata moto, na moto huo hulifanya bomba dogo la chuma litoe chembe za umeme. Chembe hizo hukimbilia bamba lililo upande wa nje. Katikati kuna wavu unaopokea sauti hafifu ya gitaa, nao huzuia au kuruhusu chembe hizo kupita, kama mtu anayefungua na kufunga bomba la maji. Hivyo sauti ndogo hutawala umeme mkubwa, na spika hupata nguvu.

Uzi ule hutumia umeme mdogo, kwa kawaida volti 6.3. Lakini bamba huhitaji volti 300, 400 na hata zaidi. Umeme wa soketi ya ukutani kwetu ni volti 230 hadi 240. Sasa fikiri: ndani ya sanduku hilo mna umeme mkali kuliko ule wa ukutani.

HATARI USIYOIONA

Mama, hapa naomba usome polepole. Ndani ya amplifaya mna vipande viitwavyo kapasita, ambavyo huhifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Ukifunga bomba, maji yaliyomo mtungini hayaondoki. Vivyo hivyo, ukizima amplifaya na kuchomoa plagi, umeme unaweza kubaki ndani ya kapasita kwa muda mrefu. Umeme huo waweza kuua. Kwa hiyo usemi wa kwamba “nimeshachomoa, hakuna neno” ni usemi wa hatari. Fundi anayejua kazi kwanza huumwaga umeme huo kwa kifaa maalumu, kisha hupima kwa mita, ndipo hugusa.

Hatari ya pili iko kwenye plagi. Amplifaya nyingi za Marekani zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina plagi ya meno mawili, bila waya wa ethi. Nyingi kati yake zina pia kapasita iliyounganishwa kutoka waya wa umeme hadi kwenye chuma cha mashine. Kapasita hiyo ikiharibika, chuma chote hupata umeme, na nyuzi za gitaa pia. Kijana anashika gitaa, anasogeza mdomo kwenye kipaza sauti ili aimbe, na umeme unapita mwilini mwake. Kama amplifaya yenu ina meno mawili, mtoto asiipige mpaka fundi aweke waya wa nyaya tatu wenye ethi na kuiondoa kapasita hiyo. Tena hakikisha soketi yenyewe ina ethi ya kweli, si tundu tu.

Hatari ya tatu ni ya sanduku lililotoka ng'ambo. Umeme wa Marekani ni volti 120. Ukiichomeka mashine ya huko moja kwa moja kwenye soketi yetu, unaweza kuiunguza mara moja. Soma maandishi ya nyuma. Yakiwa yanasema 110, 117 au 120, lazima itumike transfoma ya kupunguza umeme, tena yenye uwezo uliozidi wati zilizoandikwa hapo. Amplifaya nyingi za Uingereza zina kibadilishio cha volti. Kitazame kimekaa kwenye namba gani kabla ya kuwasha.

KAZI UNAZOWEZA KUZIFANYA MWENYEWE

Baada ya tahadhari hizo usiogope. Kuna mengi ambayo mama wa nyumba anaweza kuyasimamia bila kufungua skrubu hata moja.

1. Ipe hewa. Valvu hutoa joto jingi. Usiisukumie ukutani, usiifunike kwa kitambaa cha kufuma inapowaka, na kamwe usiweke juu yake chombo cha maua au kikombe cha chai.

2. Ifute vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, ikiwa imechomolewa na kupoa. Usiingize vidole, kitambaa chenye maji wala kijiti nyuma yake. Mende na mijusi hupenda pahali pa joto, basi isikae karibu na chakula.

3. Isihamishwe ikiwa ya moto. Nyuzi za ndani ya valvu ni dhaifu zinapokuwa na joto. Izime, isubiri ipoe, ndipo ibebwe, tena isidondoshwe.

4. Isiwashwe bila spika. Hili vijana wengi hawalijui. Waya wa spika ukichomoka huku mtu anapiga, transfoma inayopeleka sauti kwenye spika inaweza kuungua, nayo ni kati ya vipande vya bei kubwa.

5. Fyuzi ibadilishwe kwa fyuzi ya kiasi kile kile kilichoandikwa. Kufunga karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuita moto ndani ya nyumba. Fyuzi mpya ikikatika tena, acha, peleka kwa fundi.

6. Iliyolala miaka mingi isiwashwe ghafla. Kapasita zake huwa zimedhoofika. Fundi huipandishia umeme kidogo kidogo kwa kifaa maalumu huku akipima.

DALILI NA MAANA YAKE

Kama vile mama anavyotambua kilio cha njaa na kilio cha homa, ndivyo unavyoweza kuzitambua sauti za mashine hii na kumweleza fundi vizuri.

Mvumo mzito usiokoma hata gitaa likinyamaza: mara nyingi ni kapasita za kuchuja umeme zimekauka kwa uzee. Hizi huisha, kama tairi za gari, na kuzibadilisha ni matengenezo ya kawaida.

Kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti: ni vumbi na kutu ndani ya kitufe. Fundi hupulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia si dawa.

Mlio kama wa kengele sanduku likitikiswa: valvu moja ndogo imelegea ndani. Fundi huigonga kila moja taratibu kwa penseli ya mti hadi aipate.

Doa la rangi ya fedha ndani ya kioo limekuwa jeupe kama maziwa: hewa imeingia, valvu hiyo imekufa.

Bamba la ndani ya valvu kubwa limeiva jekundu kama kaa: zima mara moja. Mwanga mdogo wa chungwa katikati ni wa kawaida, lakini bamba lenyewe likiiva, mashine inajiunguza.

UNAPOMPELEKEA FUNDI

Si kila fundi wa televisheni anaijua valvu. Mtafute aliyewahi kutengeneza redio za zamani au vyombo vya bendi. Muulize waziwazi: “Fundi, umewahi kutengeneza mashine ya valvu? Kabla ya kugusa, umeme wa kwenye kapasita unautoaje?” Anayecheka swali hilo, mwache aende zake. Mwombe akupe makadirio ya bei kabla hajaanza, na akurudishie vipande vyote alivyovitoa.

Asikushawishi abadilishe kila kitu. Transfoma na spika za mwanzo, kama ni nzima, ziachwe. Zikibadilishwa valvu kubwa za mwisho, katika amplifaya nyingi fundi hulazimika kupima na kurekebisha kiasi cha umeme zinachokula. Asipofanya hivyo, valvu mpya zitaungua upesi. Valvu hizo bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo asikwambie kwamba hazipatikani tena duniani.

KABLA HUJAUZA WALA KUTUPA

Nawataja hapa hasa akina mama wajane. Mume akishafariki, huja watu na pole nyingi, na baadhi yao huwa wamekwisha kuliona sanduku lile pembeni. “Shemeji, hili likuondokee tu, nitakupa hela ya sukari.” Dada, usiharakishe. Amplifaya za Fender, Marshall na Vox za miaka ya 1950 na 1960, zikiwa na vipande vyake vya asili, huuzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola. Hela hiyo inaweza kuwa karo ya watoto.

Tazama ndani ya sanduku, kwa nyuma, bila kugusa. Fender nyingi zina karatasi inayoonyesha mahali pa kila valvu, na juu yake herufi mbili zilizopigwa muhuri. Herufi ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1951. Ya pili ni mwezi, kuanzia A kwa Januari. Kwa hiyo NE ni Mei 1964. Andika herufi hizo na namba ya mashine, piga picha, kisha uulize bei kwa watu wawili au watatu wasiojuana. Usiipake rangi wala kuivisha kitambaa kipya ili ipendeze, kwa maana kufanya hivyo hupunguza thamani yake. Vipande vya zamani alivyokurudishia fundi vitie katika bahasha, uviweke pamoja na sanduku.

Na kama mume yu hai, kaeni pamoja mzungumze. Mwambie, “Baba Fulani, sikatai sanduku lako, ila nataka lipimwe kabla mtoto hajaligusa.” Mwanamume anayekipenda chombo chake atafurahi kuona kwamba mkewe anakijali. Gharama ya waya wenye ethi ni ndogo sana ukiilinganisha na mtoto.

Basi, akina mama, usitupe mbachao kwa msala upitao. Anzeni na plagi: ihesabuni meno yake kabla mtu yeyote hajawasha tena.