Unataka kuvalisha Datsun ya mzee tairi pana? Pima kwanza

Kijana wa Majengo, iwe ni ile ya Embu ama ya Meru, gari hilo unalijua. Limefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mjomba, tairi zimelala, kuku wanataga chini yake. Siku litakapowaka na kunguruma, mtaa mzima utageuka. Na wazo la kwanza litakalokujia kichwani si breki wala rangi. Ni rimu pana. Unataka lijae kwenye madigadi, wenzako waseme, "Hiyo sasa ni ndai!"

Hakuna ubaya wowote. Lakini kabla hujampa fundi pesa, kaa chini na tepu ya kupimia, kalamu na karatasi.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari la spoti ambalo Mkenya ana kila sababu ya kulionea fahari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na gari hilo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, na Mehta akaendelea hadi kufikisha ushindi mara 5. Sasa sikiza: 240Z ya kawaida ilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14, upana wake inchi 4.5 tu, na tairi ya milimita 175. Leo upana kama huo utaupata kwenye Vitz.

Kwa hivyo si ajabu ukitamani kuongeza. Kwenye lami kavu, tairi pana hushika vizuri zaidi kwenye kona na gari haliyumbi sana. Isitoshe, ukihamia rimu ya inchi 15 unapata tairi za kisasa za aina nyingi kuliko ukibaki na saizi ya zamani.

Ila wewe huishi kwenye lami kavu mwaka mzima. Embu na Meru ziko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na mvua hutupiga mara mbili: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Maji yakitanda barabarani, tairi lazima iyasukume kando ndipo mpira uguse lami. Tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma, na 240Z ni gari jepesi la takriban tani moja. Ukikimbia, linaanza kuelea mapema. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, na hapo we si dereva tena, ni abiria.

Kwenye matope pia mambo ni hayo hayo. Tairi nyembamba hukata tope hadi ikute ardhi ngumu. Pana huteleza juu yake. Waulize wa mashindano ya dunia ya mbio za magari. Wakija Naivasha kwenye vumbi na matope, wanavaa rimu za inchi 15 na tairi zenye kuta ndefu. Wakienda kwenye lami Ulaya, wanavaa inchi 18 na tairi pana zaidi. Wao wana pesa na wahandisi, na bado hawavai pana kila mahali.

Haya, hesabu. Ukiona tairi imeandikwa 205/60R15, 205 ni upana kwa milimita. 60 ni urefu wa ukuta wake, yaani asilimia 60 ya huo upana, ambayo ni milimita 123. 15 ni kipimo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha kuta mbili na rimu: 123 na 123 na 381, unapata 627. Tairi ya zamani ya 240Z ina kimo cha karibu milimita 642. Tofauti ni kama asilimia 2.4. Hiyo iko poa, kwa sababu mafundi wengi hujaribu kutopita asilimia 3. Spidomita ikisoma 100, wewe uko karibu 98.

Lakini ukibebwa na tamaa ukaweka 225/50R15, kimo kinashuka hadi 606. Tofauti inapita asilimia 5, gari linashuka chini, na injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Ukienda upande wa pili, ukaweka tairi ndefu kuliko ya awali, spidomita inakudanganya vibaya zaidi: inasoma 80 nawe umeshapita. Mashine ya polisi ya kupima kasi haitasikiza hadithi ya rimu.

Jambo la pili ni matundu. 240Z ina nati 4 zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3. Vitz nayo ina nati 4, lakini duara lake ni milimita 100. Kwa macho zinafanana, kwa spana hazifanani. Fundi akikuambia atachimba matundu mapya ama atakaza hivyo hivyo, mshukuru na uondoke.

La tatu ni ofseti, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaobana kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wake. Ukitoka inchi 4.5 hadi inchi 7, umeongeza karibu milimita 64. Ofseti ikibaki vile vile, 32 zinaingia ndani kuelekea springi na shokabsoba, na 32 zinatoka nje kuelekea madigadi. Zikitoka sana, beringi zinaumia, na kwa kuwa usukani huo hauna msaada wowote wa mashine, mabega yako yatajua.

Kabla ya kulipa salio, fanya jaribio la bei rahisi. Paka chokaa ukingo wa tairi. Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Pakia mtu mzito na mzigo nyuma, kisha pita kwenye matuta polepole. Ukiona chokaa imehamia kwenye madigadi ama springi, hapo panagusana. Ukishaendesha kilomita 50 hivi, kaza nati tena.

Angalia pia umri wa tairi. Kwenye ukuta wake kuna tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kung'aa kama mpya kumbe mpira umeshazeeka.

Na tafadhali, usikate madigadi. Bati la miaka hamsini likishakatwa halirudi, na kutu huanzia hapo hapo. Rimu za mzee zifute, zipake mafuta, ziweke mahali pakavu. Siku ya kuuza, mnunuzi ataziulizia.

Mwisho, fikiria barabara yenyewe. Ukitoka Embu kwenda Meru utapita daraja la Nithi, ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakafa. Mteremko ule hauangalii gari lako linapendeza vipi. Tairi pana haziponyi breki za zamani. Kama una pesa za jambo moja tu mwezi huu, anza na breki, kisha beringi na shokabsoba. Rimu zije baadaye.

Ukifika gereji, mwonyeshe fundi karatasi yako: kimo, matundu, ofseti. Akikaa nawe mkazipitia moja moja, umepata fundi. Akisema "hiyo itaingia tu," jaribu gereji inayofuata.