Baridi Yabisi: Utafiti wa Hospitali ya Kenyatta na Mgonjwa wa Mraru

Orodha ya machapisho ya mtafiti wa tiba haimvutii msomaji wa kawaida: majina, mwaka, jarida, kurasa. Lakini kwa mwanamke wa Mraru, kijiji cha Taita karibu na Voi, anayeamka vidole vimekakamaa hata kufunga leso ni taabu, maandishi ya Omondi Oyoo, daktari bingwa wa magonjwa ya viungo na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, yanamhusu kuliko anavyodhani.

Maradhi yenyewe ni baridi yabisi ya rumatoidi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, na usipotibiwa hula gegedu, kisha mfupa. Huu si uchakavu wa magoti wa uzeeni, wala si jongo. Humshika mtu angali na nguvu za kulima.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Mwafrika haugui sana ugonjwa huu. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa nadra huko. Alipendekeza kwamba huenda malaria na vimelea vingine vinavyompata mtu tangu utotoni huituliza kinga. Ni wazo zito, na kwetu Taita-Taveta lina mvuto wa pekee: Taveta ni nchi ya mbu, ndiyo maana miaka ya 1950 nyumba zake zilipuliziwa dawa katika mradi wa malaria wa Pare-Taveta. Hatari ni kwamba daktari akifundishwa kuwa ugonjwa ni nadra, hautafuti. Na wagonjwa walikuwepo. L. Hall aliandika kuhusu uvimbe wa viungo vingi nchini Kenya mwaka 1966; Bwogi Kanyerezi na wenzake wakaandika kuhusu Waganda mwaka 1970; Bagg na wenzake wakarudi kwa wagonjwa wa Kenya mwaka 1979.

Mwaka 2009 Owino, Oyoo na Otieno walichapisha katika East African Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wanawake walikuwa 52, wanaume 8. Wastani wa umri ulikuwa miaka 41 hivi, na kwa wengi ugonjwa ulikuwa bado unawaka. Mwanamke wa umri huo ndiye anayebeba nyumba nzima mabegani, na mikono yake ndiyo inayoharibika.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Hazituambii ni Wakenya wangapi wanaugua. Zinatueleza habari za waliofika Kenyatta. Kutoka Voi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Katika miaka ya 1970 wanawake wa Mraru walichanga fedha wakanunua basi lao, kwa kuwa kupata nafasi ya kwenda Voi sokoni au hospitalini kulikuwa kazi ngumu. Kama Voi penyewe palihitaji jasho la namna hiyo, mgonjwa wa kijijini angehesabiwaje Nairobi?

Ndiyo sababu, katika maandishi yote ya Oyoo, ninalolipa uzito mkubwa ni lile la mwaka 2016 katika Pan African Medical Journal, aliloandika pamoja na Erwin, Woolf na wengine. Linaeleza mradi wa UWEZO wa kuwafundisha matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii wa Kenya kutambua magonjwa ya viungo na mifupa. Hakuna dawa mpya humo. Kuna jambo kubwa zaidi: tabibu wa zahanati kujua mkono anaoushika una nini.

Tabibu huyo atazame vifundo vidogo vya vidole na viganja, vilivyovimba pande zote mbili. Aulize kama ukakamavu wa asubuhi huchukua zaidi ya saa moja. Asitegemee kipimo cha damu peke yake, kwa maana kile cha RF (rheumatoid factor) huweza kuonyesha ndiyo kwa mtu mwenye malaria au kifua kikuu tu, na kuonyesha hapana kwa mgonjwa halisi. Akishuku, ampeleke mgonjwa Hospitali ya Moi, Voi, mapema, kwani miezi ya mwanzo ndiyo tiba inapookoa viungo. Vidonge vya maumivu hupunguza uchungu huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Dawa kuu, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile. Kuimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua, kwa hiyo muuguzi ataje siku hiyo kwa jina, aiandike kwenye pakiti, na amwombe mgonjwa airudie kwa mdomo wake. Damu na ini hupimwa kila baada ya muda, na mgonjwa anayetumia methotreksati hupewa pia asidi foliki. Mwanamke mjamzito, au anayetaka kushika mimba, amwambie tabibu kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu dawa hii humdhuru mtoto tumboni.