Mganga na Ajigange

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Tuliikumbuka methali hiyo tulipoyatafakari yaliyotukia nchini Australia tarehe 27 Mei, 2022. Siku hiyo walimu na watumishi wengine wa shule za Kanisa Katoliki, katika jimbo la New South Wales na katika eneo la mji mkuu wa Canberra, waliweka chaki chini wakagoma kutwa nzima. Chama chao kiliwahesabu watu wapatao 18,000, kutoka shule zaidi ya 500. Malalamiko yao si mageni kwa mfanyakazi yeyote: kazi imezidi, walimu hawatoshi, na mshahara haupandi kama bei zinavyopanda. Waajiri wao walikuwa wakiufuata ukomo wa nyongeza uliowekwa na serikali ya jimbo kwa watumishi wake, kiasi cha asilimia 2.5 kwa mwaka, ilhali gharama za maisha nchini humo zilikuwa zimepanda kwa asilimia 5.1 katika mwaka ulioishia Machi.

Mgomo wa walimu si ajabu. Linalotusimamisha ni kumtazama aliyegomewa. Aliyegomewa ni Kanisa ambalo kwa zaidi ya miaka 100 limewafundisha matajiri wa dunia namna ya kumtendea haki mfanyakazi. Tarehe 15 Mei, 1891, Papa Leo wa 13 alitoa waraka wake maarufu uitwao Rerum Novarum. Humo aliikataa hoja ya mabepari kwamba ujira ni wa haki maadamu tu mwajiri na mwajiriwa wamepatana. Alisema iko haki iliyo juu ya mapatano: ujira sharti umtoshe mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi. Aliitambua pia haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao.

Maneno hayo yalifika Australia wakati vidonda bado vibichi, kwa sababu mwaka 1890 mgomo mkubwa wa mabaharia na makuli wa bandarini ulikuwa umeshindwa. Mwaka huo huo wa 1891 Kardinali Moran, Askofu Mkuu wa Sydney, alisimama hadharani akatoa mhadhara juu ya haki na wajibu wa kazi. Kisha mwaka 1907 Jaji Higgins, ambaye hakuwa Mkatoliki, alikata shauri la kiwanda cha mashine za kuvunia cha H. V. McKay. Aliamua kwamba kibarua asiye na ujuzi alipwe shilingi 7 kwa siku. Kipimo chake hakikuwa bei ya soko, bali mahitaji ya binadamu aishiye katika jamii iliyostaarabika. Mwaka 1908 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria iliyokuwa msingi wa hukumu hiyo, lakini kipimo chenyewe kiliongoza mishahara ya nchi ile kwa miongo mingi.

Hatuna budi kuutaja na upungufu wake. Kipimo kile kilikuwa cha mwanamume mwenye mke na watoto. Mwaka 1912 Higgins huyo huyo aliamua kwamba mwanamke afanyaye kazi iliyohesabiwa kuwa ya kike alipwe pungufu. Wanawake walingoja hadi maamuzi ya mwaka 1969 na 1972 ndipo mlango wa malipo sawa ulipofunguliwa. Na katika shule za Kanisa, kazi kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Hapa ndipo kilipo kiini cha mambo. Kwa muda mrefu shule za Kikatoliki za Australia zilisimama juu ya mabega ya masista na mabruda. Hao walikuwa wameweka nadhiri ya ufukara. Hawakuwa na watoto wa kulisha wala kodi ya nyumba ya kulipa. Baada ya miaka ya 1960 idadi yao ilipungua sana, na nafasi zao zikashikwa na walimu walei, watu wenye familia na madeni. Askofu aliyekuwa baba wa watawa akajikuta amekuwa mwajiri. Mwalimu mwenye wana hawezi kumlipa mwenye nyumba kwa baraka, na muuza duka hapokei sala.

Kutokana na mabadiliko hayo, ushauri wa kitaalamu ukawa jambo la lazima. Huko Sydney maaskofu walikuwa na chombo kilichojulikana kwa miaka mingi kama Tume ya Kikatoliki ya Mahusiano ya Kazini. Kazi ya chombo cha namna hiyo ni kuwafafanulia waajiri sheria za kazi, hasa Sheria ya Kazi ya mwaka 2009. Kuandaa mikataba ya hali bora. Kuketi mezani na chama cha wafanyakazi kwa niaba ya dayosisi 11 za eneo hilo, kila moja ikiwa na askofu wake. Na kusimama mbele ya wasuluhishi pindi mambo yanaposhindikana. Wanaokiongoza hawafahamiki sana kwa watu, lakini kalamu yao yagusa sufuria ya kila mwalimu.

Je, menejimenti ya chombo hicho imtumikie nani? Jibu jepesi ni kwamba imtumikie anayeilipa. Sisi twasema jibu hilo halitoshi, na historia ya Australia yenyewe yatuunga mkono. Mwaka 1866 Mary MacKillop na Padri Julian Tenison Woods walianzisha shirika la masista wa kuwafundisha watoto wa maskini. Mwaka 1871 Askofu Sheil wa Adelaide alimtenga mama huyo na Kanisa kwa madai ya utovu wa utii, na wanahistoria wengi wanaona kwamba askofu alipotoshwa na mapadri waliokuwa washauri wake. Alipokuwa akikata roho mwaka 1872, aliifuta adhabu hiyo. Mwaka 2010 mwanamke yule aliyefukuzwa alitangazwa kuwa mtakatifu. Lau askofu yule angalipata mshauri mmoja wa kumwambia ukweli, aibu hiyo isingaliandikwa.

Kwa hiyo twaona mambo matatu. Kwanza, viongozi wa chombo kama hicho wasiwe wanasheria na wahasibu peke yao. Awemo aliyepata kushika chaki, na awemo aliyepata kufua mashuka ya hospitali, ili takwimu ziwe na sura ya mtu. Pili, wawe na ujasiri wa kumwambia mwajiri wao kwamba jambo fulani, ingawa sheria yaliruhusu, mafundisho yake mwenyewe yalikataa. Tatu, wasikisubiri chama cha wafanyakazi kipige ngoma ya mgomo ndipo wafungue madaftari.

Haki yatutaka tuusikilize na upande wa pili. Shule hizo hupata sehemu kubwa ya fedha zake serikalini, na nyingine katika karo za wazazi. Nyongeza isiyo na ruzuku yaweza kuwaangukia wazazi walalahoi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini tuyatazame yaliyofuata. Mwaka 2023, baada ya serikali ya jimbo kubadilika, walimu wa shule za serikali walipata nyongeza kubwa, na wenzao wa shule za Kikatoliki wakafikishwa katika viwango hivyo. Tunawapongeza walimu. Hata hivyo twauliza: ikiwa mwenye waraka wa mwaka 1891 hungoja serikali itende haki kwanza ndipo naye aifuate, nani amekuwa mwalimu na nani mwanafunzi?

Hatuyasemi haya kwa kulicheka Kanisa la watu wa mbali. Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuo tulifundishwa utotoni kwamba kibarua apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na tangu hapo tumewaona wangapi, waliofundishwa hayo hayo, wakiacha jasho likauke hata chumvi ikabaki mgongoni? Misikiti ina watumishi wake, misheni zina wapishi na walinzi wao, vyama vya ushirika vina makarani wao, na sisi wenye majukwaa ya siasa tunao madereva na wahudumu wetu. Kila anayehubiri utu wa kazi ana mtu wa kumlipa mwisho wa mwezi.

Siku hiyo ya malipo ndiyo mtihani wa mahubiri yote. Mshauri wa kweli ni yule anayemkumbusha mwajiri tarehe kabla haijafika, hata kama kwa kufanya hivyo atahatarisha kiti chake mwenyewe. Mganga na ajigange. Wagonjwa watamwamini zaidi.