Shamba la Nani? Kupanda na Kuvuna katika Nchi ya Shaba (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulisoma sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia. Tuliona kwamba Paulo, anapotaja mbegu na mavuno, anasema na watu waliochoka kutenda mema na anawatia nguvu wasilaze jembe. Leo tuondoke Galatia, twende Kakanda. Huku kwetu neno hilo limepewa kazi nyingine, na kazi hiyo inaniumiza.

Kakanda ni mji wa mgodi, kaskazini-magharibi ya Likasi, katika Katanga ya Kongo. Nilikwenda huko kwenye matanga ya kijana mchimbaji aliyefukiwa na udongo shimoni. Mhubiri alisimama, akafungua Biblia, akatangaza kwamba marehemu amevuna alichopanda, maana siku za Jumapili alikuwa shimoni na si kanisani. Mama mzazi alikuwa ameketi mkekani, hatua tatu tu kutoka kwake. Hakuna aliyejibu. Hata mimi nilinyamaza, na kimya changu ndicho kilichonisukuma kuandika makala hizi.

Mhubiri yule hakuwa wa kwanza. Katika sura ya 4 ya Kitabu cha Ayubu, Elifazi anamwambia rafiki yake mgonjwa, aliyefiwa na watoto wote, kwamba yeye ameona kwa macho yake walimao uovu wakivuna uovu. Kwa maneno, Elifazi na Paulo wanakaribiana sana. Lakini ukisoma hadi sura ya 42, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, anawaagiza watoe sadaka, na Ayubu ndiye anayewaombea. Elifazi alichukua neno la kumwonya anayeshika mbegu, akalifanya hukumu juu ya aliyeanguka. Wanafunzi wa Yesu nao walijaribu vivyo hivyo mbele ya kipofu, katika Yohana sura ya 9, walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliwakatalia yote mawili.

Mtu wa Kakanda ana sababu ya pekee ya kuuliza mavuno ni ya nani. Ukikaribia mji unaona mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa kwa miaka mingi ili kutoa shaba na kobalti. Mitambo ya zamani haikuweza kutoa madini yote, kwa hiyo tangu miaka ya 1990 kampuni za kigeni zimeyatamani mabaki hayo. Waliosaga mawe yale wengi wao ni wazee sasa, au wamelala makaburini. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka, kisha nchi yenyewe ikayumba, na kufikia 1994 kampuni haikutoa hata tani 40,000. Mishahara ilikatika miezi kwa miezi. Kisha, kuanzia 2003, wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na kitita chake cha mara moja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kuwaita, katika jina la kitabu chake cha 2001, watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Je, hao nao walivuna walichopanda? Walipanda miaka 20, miaka 30, na mavuno yakaliwa kwingine. Wapo wanaowaambia wavumilie, ndiyo sheria ya mbegu. Lakini Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, hasemi hivyo. Anasema ujira uliozuiwa wa watu waliovuna mashamba unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Hawaambii vibarua watafute dhambi yao. Anawageukia wenye mashamba.

Basi neno la Paulo linamhusu nani? Linamhusu mwenye mbegu mkononi, na mimi ninaanza na mkono wangu na wa wenzangu.

Mwaka 1992 majukwaa ya siasa katika Katanga yaliwaita jirani zetu wenye asili ya Kasai *bilulu*, wadudu. Wengine walikuwa wamezaliwa Likasi, na baba zao walikuwa wamezaliwa Likasi. Neno lile lilipandwa mchana, mbele ya watu, na wengi waliopiga makofi walikuwa wabatizwa. Tulikuwa tunaimba kwaya moja nao. Mvua za mwaka ule hazijanyesha bado, mavuno yakawa tayari: nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu ya familia wakarundikana kwenye kituo cha treni cha Likasi, wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai ambayo wengi wao hawakuijua. Walingoja majuma, wengine miezi. Watoto walifia pale pale. Nao mji ukabaki bila walimu wake, bila wauguzi wake, bila mafundi waliozijua mashine za mgodi kwa sauti tu.

Angalieni nani alilipa kwanza. Hakuwa aliyepanda. Ndiyo maana siwezi kukubali hesabu nyepesi ya kwamba kila msiba ni stakabadhi ya dhambi ya mwenye msiba. Magugu ya mtu mmoja hula shamba la jirani kabla hayajala la kwake. Na mkulima yeyote wa mahindi anajua kwamba magugu hayang'olewi kwa kumlaumu aliyekosa unga.

Mwezi uliopita nilirudi Kakanda, nikamtafuta mama yule wa matanga. Nilimwambia kwamba yaliyosemwa siku ile juu ya mwanawe hayakutoka kwa Paulo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini nilichukua muda mrefu hivyo. Sikuwa na jibu.

Sehemu ya tatu itaanzia Hosea sura ya 10, pale nabii anapozungumzia ardhi iliyolala bila kulimwa.